Mbuzi wa Kesho

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nina kipandauso kinachokuja na mvua za kwanza. Nilimwambia mume wangu, nikawaambia watoto, na nilimwambia daktari mmoja mstaarabu aliyenipa vidonge, nikavimeza kwa adabu. Mawingu yakianza kujikusanya, hapa nyumbani Ipagala, Dodoma, nilikuwa nazima redio, nawanyang'anya watoto sufuria walizokuwa wakizigonga, naenda kwa jirani kumwomba apunguze spika. Nikiulizwa sababu, kichwa.

Sijawahi kuumwa kipandauso hata siku moja. Nilikuwa nashika mwiko.

Nasema hivi nikijua vizuri ninavyoonekana. Mimi ni Mkristo niliyebatizwa na kupata kipaimara, nina shahada, na ofisini nilikuwa mtu wa kuwakemea wenzangu walipochanganya mambo ya mvua na mambo ya mizimu. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kama ni kweli kwetu kuna majira watu hawapigi ngoma. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, kwamba desturi hizo zilikuwepo zamani. Ilikuwa Desemba, na asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka nyumbani baada ya kuficha filimbi ya mwanangu ndani ya debe la unga.

Kwetu ni Mlali, wilaya ya Kongwa. Nilipokuwa mtoto, mbegu zikishaingia ardhini na wazee wakishaweka dawa ya mvua, ngoma hazikupigwa tena mpaka uwele ufike magotini. Si ngoma peke yake. Vigelegele vilikoma, watu waliacha kutwanga mchana, na aliyetaka kumwita jirani yake wa ng'ambo ya korongo alivaa kandambili akamfuata. Kazi ya kutangaza ilikuwa ya mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Alipita nyumba kwa nyumba, akasimama nje ya ua, akasema, "Ngoma zimelala." Wenyeji wakajibu, "Tumesikia." Kisha akaomba maji ya kunywa. Siku hizi nikiwa naishi mji wenye Bunge huwa nakumbuka jinsi sheria ile ilivyopita bila mjadala.

Aliyevunja mwiko alitoa mbuzi mweusi. Mbuzi alichinjwa, kijiji kikala, na mkosaji pamoja na mtangazaji walikula kutoka sahani moja mbele ya watu wote. Mpaka nyama hiyo iliwe, mtangazaji hakuruhusiwa kutia kitu mdomoni nyumbani kwa mkosaji, hata maji. Kwa wengi hilo halikuwa jambo kubwa. Kwetu lilikuwa kubwa, kwa sababu mjomba alifiwa na mkewe mapema, hakuoa tena, na kila jioni alikula kwa mama. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, akidai vya kwetu vinayumba. Alikula ugali wa uwele na mlenda, akalalamika kwamba mlenda una chumvi nyingi, akaomba kuongezewa.

Na mama alikuwa mpiga ngoma.

Ngoma zetu za kike hubanwa katikati ya mapaja, na kwa ajili hiyo wamisionari wa kwanza walizikataza kanisani. Sina haja ya kueleza walichokuwa wanakiwaza. Mama alipokuwa msichana, kanisa lilimwambia ngoma ni ya kipagani. Alipokuwa na watoto, kanisa likabadilisha mawazo, likasema ngoma ni utamaduni wetu na Mungu anaupenda, akawa kiongozi wa wapigaji wa kwaya ya akina mama. Pasaka alipiga. Sikukuu ya mavuno alipiga mpaka viganja vikavimba. Krismasi hakupiga, kwa sababu Krismasi huangukia katikati ya mwiko.

Sisi watoto hatukuambiwa hivyo. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alituambia siku ya Krismasi ngoma hazipigwi kwa sababu Mtoto Yesu amelala. Tuliimba taratibu, njuga za miguuni zikiwa zimejazwa matambara, na ngoma zikining'inia darini zimefungwa kanga. Niliamini maelezo hayo mpaka nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam na kualikwa Krismasi nyumbani kwa rafiki yangu. Kanisani kwao kulikuwa na ngoma, tarumbeta na kitu kama pipa. Nilikaa nimeziba masikio nikisubiri mtoto aamke.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba katekista wetu wa zamani na wazee wa mvua walikuwa wamekubaliana bila kuandikiana: wazee hawatawazuia watu wao kubatizwa, na kanisa halitapiga ngoma mbegu zikiwa ardhini. Mapatano hayo yalidumu kuliko mikataba mingi niliyoichapa ofisini.

Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Maduka ya Dodoma, ambayo tuliyazoea yakiwa na chumvi na viberiti, yakajaa redio zenye spika mbili, betri za kila saizi, na vinanda vya plastiki. Dini nazo zikapata spika. Hapa Ipagala, Jumapili moja, ungeweza kuokolewa kutoka pande tatu kabla hujaoga. Huko Mlali wakaletewa mwinjilisti mpya, kijana kutoka nyanda za juu kusini, mwenye kipaza sauti cha mkononi na moyo mwema. Nasisitiza habari ya moyo. Kijana yule alitengeneza baiskeli za watu bila malipo na alichimba makaburi bila kuombwa. Lakini alipoambiwa kwamba Krismasi haina ngoma, alishtuka kama mtu aliyeambiwa Pasaka haina ufufuo.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya siku chache alipokuja kumwona mama. Mjomba alikuwa kwenye kigoda chake, anasubiri chakula.

"Mama," mwinjilisti alisema, "mwezi ujao tutapiga ngoma siku ya kuzaliwa Bwana. Wewe ndiye utaongoza."

Mama alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua kichwa.

"Mzee wangu," mwinjilisti akamgeukia mjomba, "kwa heshima zote. Huyu mnayemnyamazia ni nani?"

"Sijui," mjomba alisema.

"Hujui?"

"Tuliambiwa tunyamaze, tukanyamaza. Mimi siwazuii kusali. Salini mpaka mchoke. Nimesema ngoma."

"Lakini ngoma ndiyo sala yao."

"Basi wasali kwa mdomo mpaka uwele ufike magotini."

Mwinjilisti akanigeukia mimi. "Dada, wewe umesoma. Katiba inasemaje?"

Hakuna swali linalomharibu msomi haraka kama hilo. Nilisema Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Nikaongeza kwamba uhuru huo una mipaka yake. Nikaongeza kwamba mila nazo zina nafasi yake. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nikatoa nadharia yangu: kwamba wahenga waliweka mwiko ule ili masikio yawe huru, watu wasikie korongo linapofurika na yowe la mwenye shida. Nilikuwa naipenda sana nadharia hiyo. Nilikuwa nimeifikiria njia nzima kutoka Dodoma.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. "Inawezekana," alisema. "Lakini korongo likifurika hata kiziwi anajua." Kisha akamgeukia mwinjilisti, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Mwanangu, mvua ikigoma baada ya ngoma yako, wewe utahamishwa. Kanisa lako litakupeleka kwingine, utawaokoa na wao. Dada yangu atabaki hapa na jua, na watu watakuwa wanamtazama."

Nadhani hilo mwinjilisti hakuwa amelifikiria, na nilimheshimu kwa jinsi lilivyomwingia usoni.

Hapo ndipo mama alipozungumza, akiwa bado anachambua mboga zake. "Nimempigia ngoma mkuu wa wilaya," alisema. "Nimempigia bwana kilimo alipoleta mbegu zilizooza. Nimempigia mbunge, akalala kwenye kiti. Yesu sijawahi kumpigia siku yake. Sasa mimi ni mzee."

"Dada," mjomba akasema.

"Sijakuambia kitu, kaka. Nimesema tu kwamba sijawahi."

Tukala. Mjomba hakulalamika juu ya chumvi, nikajua mambo ni mabaya.

Nilirudi Dodoma nikiwa nimeahidi suluhisho, jambo ambalo mtu mwenye shahada huahidi kirahisi. Nilikuwa naona picha ya mjomba akipita nje ya ua wa mama jioni, na kigoda chake mkononi, bila kuingia. Mama angempikia nani? Na yeye angekula wapi, kwa wakwe? Nilijaribu kufikiria uhuru wa kuabudu na kila nilipoufikiria ulikuja umebeba kile kigoda.

Suluhisho nililikuta dukani, karibu na soko. Kinanda cha plastiki cha kutumia betri, chenye vitufe vya rangi, na kitufe kimoja ukikibonyeza kinatoa mlio wa ngoma. Ngoma isiyo na ngozi, isiyo na mti, isiyo na mkono. Nilijiona kama wakili aliyepata upenyo katika kifungu. Wazee walikataza ngoma, na hii ni betri. Nilikipeleka Mlali mwenyewe mwanzoni mwa Desemba, nimekipakata kama mtoto. Watu wawili waliniuliza njiani kama nimeokoka.

Tulikijaribu uani kwa mama, mwinjilisti akiwepo. Nilibonyeza kitufe. Ngoma ikaanza kulia, safi, haichoki, haikosei. Mwinjilisti akatabasamu. Mama akakitazama kwa muda, mikono yake ikiwa mapajani.

"Sasa mikono yangu naiweka wapi?" akauliza.

"Unaimba tu, mama. Chenyewe kinapiga."

"Kinampigia nani?"

Mjomba alikuwa amesimama nje ya ua, akisikiliza. Alikuwa ameshapita kutangaza wiki hiyo. Ngoma zilikuwa zimelala. Nilimfuata na kumweleza hoja yangu yote ya ngozi na betri. Nilitegemea ubishi. Badala yake alitikisa kichwa kukubali.

"Hicho kipigeni," alisema. "Hicho sina neno nacho. Hakina mtu ndani."

Nilimgeukia mama kwa ushindi. Mama alikuwa ameinuka, anapuliza moto. "Umemsikia mjomba wako," alisema. "Hakina mtu ndani. Kikalishe kanisani watoto wacheze."

Nilipoondoka sikujua mama atafanya nini, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Alinisindikiza mpaka barabarani. Alinipa karanga za watoto na kuniuliza kama kichwa kinaniuma bado kila mvua zikianza. Nikasema kinauma. Akasema, "Pole," huku akiangalia pembeni.

Nilikuwa nimepanga kurudi kwa sikukuu. Mwanangu mdogo akaugua surua, nikabaki Ipagala na chupa ya dawa na mtoto mwenye madoa. Krismasi ile niliisikia kutoka kitandani kwake. Kanisa la nyuma ya nyumba lilikuwa na magitaa, la barabarani lilikuwa na mchungaji aliyekauka sauti, na baa ya kona ilikuwa na kila kitu. Redio yangu ilikuwa imezimwa. Mume wangu, mtu wa Tanga anayeamini kwamba sikukuu bila muziki ni msiba, alipita akaitazama redio, akanitazama mimi, akasema, "Kichwa?" Nikasema kichwa.

Mchana, simu yangu ikalia. Ilikuwa simu yangu ya kwanza ya mkononi, nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Namba ilikuwa ya mfanyabiashara wa alizeti wa Mlali, mtu wa kwanza kijijini kumiliki chombo hicho. Mtandao kwao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya mashine ya kusaga.

"Haloo! Haloo! Unanisikia?"

Nilisogeza simu mbali na sikio. "Shikamoo, mama. Nakusikia. Usipige kelele."

"Marahaba! Nimeambiwa uko mbali!"

"Mama, umepiga?"

"Nimepiga." Akashusha pumzi. Niliwasikia watu wakicheka nyuma yake, inaelekea kichuguu kizima kilikuwa kimejaa. "Jana jioni nilimpeleka mbuzi kwa mjomba wako. Yule mweusi, mwenye pembe moja. Nikamfunga mlangoni kwake. Akatoka akaniuliza, dada, huyu mbuzi ni wa nini? Nikamwambia ni wa faini. Akauliza, umefanya nini? Nikamwambia, bado. Ni wa kesho."

"Akasemaje?"

"Akasema faini haitangulii kosa. Akasema kila mtu akileta mbuzi wake kwanza, mwiko utakuwa mnada. Nikamwambia, kaka, mbuzi huyo hapo, mimi naenda kulala. Akamfungua akaenda kumfunga njiani, si kwake, si kwangu. Mwanangu, mbuzi alilia usiku kucha. Hakuna aliyelala. Mwiko ulivunjwa na mbuzi kabla sijauvunja mimi."

"Na kanisani?"

"Nilipiga peke yangu. Wenzangu walitaka kushusha ngoma zao, nikawaambia waimbe tu, mbuzi ni mmoja." Sauti yake ikashuka, nikalazimika kubana simu sikioni. "Wimbo mmoja. Nilidhani mikono itakuwa imesahau, kwa sababu si majira yake. Haikusahau."

Mtoto wangu akageuka kitandani akakohoa.

"Mwinjilisti alitaka kuniharibia," mama aliendelea, sauti ikapanda tena. "Mbuzi alipochinjwa alikataa kula. Alisema nikilipa faini nitakuwa nimekubali kwamba kumpigia Bwana ni kosa. Nikamwambia, mwanangu, Mungu sijamkosea. Nimemkosea kaka yangu, na kaka yangu anaishi hapa."

"Akala?"

"Maini."

Niliuliza lile nililokuwa naliogopa tangu simu ilipolia. "Na mjomba?"

Badala ya jibu nikasikia mkwaruzo, na mtu akielekezwa. Si huku juu, mzee, huku chini. Kisha sauti ya mjomba ikaja, ya taratibu, kana kwamba yuko nje ya ua wangu anaomba maji.

"Mpwa wangu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, umekula?"

"Nimekula. Sahani moja na mama yako, watu wote wametuona. Nyama ilikuwa ngumu. Mbuzi hakulala."

"Na jioni?"

"Jioni gani? Jioni nakula kwa mama yako, kama siku zote. Mlenda upo." Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Huko kwako umezima redio?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa mtoto. Alikuwa anasikia kila neno. Simu zile zilikuwa na sauti ya kutosha chumba kizima.

"Nimezima, mjomba," nikasema.

"Mama yako aliniambia kwamba huwa unazima. Nilidhani ananifurahisha." Akakohoa. "Haya. Basi ongea polepole, mbegu bado hazijaota."